Karani na Kielelezo Namba Mbili

Mtaani kwetu Manyoni, mtu akinunua kitu kipya, wa kwanza kukiona walikuwa watu wa nyumbani kwake, na wa pili alikuwa Karani. Hakualikwa. Alikuja tu, miwani moja usoni na nyingine ikining'inia kifuani, akapiga hodi mara tatu, akapokea shikamoo yake akiwa amesimama wima, akaijibu yote bila haraka, kisha akauliza, "Boksi lake liko wapi?"

Kama ulikuwa umelitupa, ulijuta. Hakukugombeza. Alikutazama tu kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa, akatikisa kichwa, akaondoka bila hata kukiangalia kitu chenyewe. Baba yangu mdogo alinunua redio akalichoma boksi pamoja na takataka, na Karani akampa pole kila alipokutana naye kwa muda wa mwezi mzima.

Alikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo miaka mingi sana. Alipostaafu, cheo kikamfuata nyumbani, na jina lake halisi likabaki huko huko kwenye majalada. Kwao wapi, mtoto wa nani, sikuwahi kujua. Manyoni ni mji wa reli, watu hushuka na mizigo yao wakabaki, na ukianza kuuliza kila mtu katokea wapi hutamaliza.

Chumba cha wageni cha nyumba yake hakijawahi kulala mgeni. Kilijaa maboksi mpaka darini. Boksi la pasi, la feni, la taa ya sola, la chupa ya chai ambayo chupa yenyewe ilivunjika zamani sana na aliyeivunja ameshakuwa na wajukuu. Mkewe, mama mpole asiyeongea sana, alikuwa akisema kwamba siku nyumba ikishika moto mzee ataokoa maboksi kwanza, halafu atarudi kumwokoa yeye, akikumbuka risiti yake aliiweka wapi.

"Boksi ni cheti cha kuzaliwa," Karani alituambia. "Limeandikwa kitu kimezaliwa nchi gani, mzazi wake nani, na nani alikipokea kilipoingia hapa kwetu. Ukilitupa, umebaki na yatima."

Hilo la mzazi ndilo lililokuwa wimbo wake. Alikuwa na kurasa kadhaa za sheria ya kumlinda mlaji, fotokopi ya fotokopi, ndani ya mfuko wa plastiki, na alizibeba kila alipokwenda. Alisema waliotunga sheria hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mwanamke wa Manyoni akiunguzwa na jiko lililotengenezwa ng'ambo hawezi kupanda basi mpaka ng'ambo akamshike mtu shati. Kwa hiyo wakasema: mtengenezaji akiwa mbali, yule aliyekiingiza kitu nchini atasimama mahali pake. "Aliyemleta mtoto ndiye mzazi," Karani alimalizia, na kidole juu. Aliyasema hayo kwenye foleni ya maji. Aliyasema msibani. Kwenye harusi ya mtoto wa mchungaji walimpa kipaza sauti atoe zawadi yake, akatumia muda wote kuwaonya maharusi kuhusu chupa za chai walizokwisha kuzawadiwa, waliompa wakiwa wamekaa pale pale mezani.

Wenye maduka walimwogopa kuliko watu wa kodi. Siku moja alitaka kununua birika la umeme. Akaingia dukani na kikombe chake, majani ya chai kwenye karatasi, na sukari kwenye karatasi nyingine. Akaomba birika lichomekwe. Maji yakachemka. Akapika chai, akampa mwenye duka, akanywa na yeye. Mwenye duka akafunga mfuko akijua biashara imekwisha. Karani akasema, "Chemsha tena."

Wakanywa tena. Akasema tena.

"Mzee wangu, si umeona linafanya kazi?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Karani akamjibu. "Hili nalo ni mgeni, limetoka mbali. Mara mbili limechemsha kwa adabu. Sasa nataka nilione na jembe."

Wakachemsha mara ya tatu. Birika lilikuwa zima kabisa. Karani akalisifu, akashukuru kwa ukarimu, akatia kikombe chake mfukoni akaondoka. Nyumbani alikuwa nalo jingine.

Msidhani lakini kwamba mtu huyu hakuliwa. Aliliwa vizuri sana, na mahali penyewe ni stendi, pale mabasi ya Dodoma yanaposimama. Mtu mmoja alimwonyesha simu mpya kabisa, ikawashwa, ikapiga muziki, na la maana zaidi, ilikuwa na boksi. Boksi ndilo lililommaliza. Alilipokea kwa mikono miwili. Alipofika nyumbani akafungua, akakuta kipande cha sabuni ya mche kimekatwa vizuri kwa umbo la simu.

Mtaa mzima tukasubiri vumbi litimke. Halikutimka. Karani aliinusa ile sabuni, akaipima kwa kiganja, akaenda kuoga. Mkewe alipomuuliza kama hataenda polisi, alisema, "Sabuni yenyewe haina kasoro. Nitalalamika nini?" Akaioga mpaka ikaisha. Boksi akalipeleka chumba cha wageni. Ila kwa wiki nzima hakumuuliza mtu yeyote boksi lake liko wapi, na nakiri kwamba tulimkosa.

Sasa nije kwenye mayai, maana bila mayai Karani angebaki kichekesho cha mtaa tu, na mimi nisingekuwa na sababu ya kuandika.

Mama yangu, watu humwita Mama Neema kwa sababu yangu, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa mtaa. Kuku wa kwetu mnawajua, huuzwa kando ya barabara na wasafiri huwagombania. Mama aliwashawishi wenzake waache kungojea kuku aatamie kwa hiari yake, wanunue mashine ya kutotolesha vifaranga. Walilima vitunguu msimu mzima kwa ajili hiyo. Mashine ikatoka Singida Mjini, duka la mtu tuliyemwita Mwagizaji kwa sababu vitu vyote aliagiza mwenyewe kutoka nje. Ilikuwa ya plastiki ya njano, ina kioo kidogo, na kitabu cha maelezo kwa lugha ambayo hata Karani hakuijua, ingawa alikisoma chote, ukurasa kwa ukurasa, akilamba kidole.

Wakaweka mayai tisini na sita. Kila mama alileta ya jogoo na tetea wake bora. Mashine ikawekwa sebuleni kwetu, kwa sababu mwenyekiti ndiye mwenye umeme usiokatika ovyo. Ikawashwa Ijumaa. Jumapili mchana, tuliporudi kanisani, nyumba ilikuwa inanukia kama asubuhi ya siku ya wageni. Mama akafungua mashine, akachukua yai, akalipasua. Kiini kilikuwa kimekauka vizuri.

Akina mama wakaja mmoja mmoja, wakakaa chini, wengine walijifunga kanga viunoni kama watu waliofiwa. Mwisho Bibi Hadija, ambaye familia yake ni ya wafanyabiashara na hajui kuacha kitu kiharibike, akauliza, "Chumvi iko wapi?"

Wakala. Walikula kwa huzuni, sikatai, lakini walikula. Niliwaona kwa macho yangu, na nilikula manne.

Karani alipofika, alisimama mlangoni akatutazama midomoni. "Mmekula ushahidi," akasema.

Bibi Hadija akafuta mdomo kwa pindo la kanga.

"Na maganda?"

"Tumewapa kuku," akajibu Mama Yohana, katibu wa kikundi.

Karani akavua miwani ya usoni akavaa ya kifuani, kitu alichokifanya akiwa amekasirika tu. Alituambia katika miaka yake yote mahakamani ameona mashahidi waliohongwa, waliotishwa, na mmoja aliyejificha kwenye pipa, lakini hajawahi kuona shahidi aliyeliwa na mlalamikaji. Ndipo ilipogundulika kwamba Mama Yohana alikuwa amefunga yai moja kwenye pindo la kanga, ampelekee mjukuu. Karani akalidai palepale, akalitia kwenye kopo la majani ya chai, akaandika juu yake: Kielelezo Namba Moja.

Kuanzia siku ile maneno yakaanza. Hayakuanza kwa kelele. Mama Yohana alisema tu kisimani, kwa sauti ya mtu asiye na neno, kwamba mashine si kitu cha kugusa gusa, na huenda mwenyekiti alibonyeza pasipobonyezwa. Keshoye kulikuwa na wawili wanaosema hivyo. Wiki ile haikwisha kabla akina mama hawajaanza kupita njia ya nyuma badala ya kukatiza uani kwetu kama walivyozoea. Mkutano wa kumwondoa kwenye uenyekiti ukapangwa ufanyike baada ya mwezi. Mama hakula vizuri, na kila nilipoingia sebuleni nilimkuta ameisimamia ile mashine.

Karani akaja kuikagua. Hakuifungua. Alipitisha kidole juu ya kifuniko, akakiangalia kidole, akapitisha tena.

"Mama Neema."

"Abee, Karani."

"Huu ni mwezi wa saba. Upepo wa Manyoni mwezi wa saba unaujua. Kabati lako lina vumbi tangu asubuhi. Kalenda ina vumbi. Mimi mwenyewe nina vumbi. Mashine hii imekaa sebuleni tangu iletwe, na juu haina hata chembe." Akavua miwani. "Ilikuwa imevaa nini?"

Mama akaanza kulia. Kisha akaenda chumbani, akainua godoro, akarudi na kitambaa ambacho bado alikuwa anaifunika nacho mashine, akikivua mtu akipiga hodi.

Hapa lazima niwaeleze nyumba yetu ilivyokuwa, ingawa najua za kwenu ni vilevile. Hakuna kilichokuwa uchi. Televisheni ilikuwa na kitambaa cha kufuma, redio na kitambaa, viti na vitambaa, mto wa kiti juu ya kitambaa na kitambaa juu ya mto. Mama alifuma vyote kwa mkono wake. Mashine ilipokuja, kitu kipya, cha kikundi, kilichoaminiwa nyumbani kwake, angeiachaje na vumbi na baridi ya mwezi wa saba? Alikaa wiki mbili akiifumia gauni. Nasema gauni kwa sababu ndilo lilikuwa. Lilienea juu, likashuka pande zote nne kwa marinda mpaka mezani, likaziba matundu yote ya hewa, na kwa mbele alikuwa amedarizi kwa uzi mwekundu: KARIBUNI VIFARANGA.

Kidhibiti joto kilikuwa pale juu. Kilipofunikwa kikachanganyikiwa, na mashine ikaendelea kuwaka.

"Ni mimi nimeyapika," Mama akasema. "Wana haki ya kunitoa."

Karani alikuwa amelishika gauni kwa mikono miwili. Nilifikiri anatafuta maneno ya kumfariji. Kumbe alikuwa anafurahi. "Mama Neema," akasema taratibu, "hii ndiyo kesi yetu. Kile kitabu kimekuambia usifunike?"

"Sijui kimesema nini."

"Na mimi sijui. Hakuna anayejua toka hapa mpaka Itigi. Anayeuza kitu kinachodhuru kikifunikwa, kwa watu wanaofunika kila kitu, halafu asiwaambie kwa lugha yao, kauza kitu kibovu."

Mama akamshika mkono. "Karani, nakuomba. Usilitoe mbele ya watu. Nitachekwa mpaka nizikwe."

Karani akalikunja, akamrudishia. "Ni lako. Sitalitaja. Ukitaka litajwe, utalitaja wewe." Na ingawa alikuwa mtu wa kupenda kushinda, neno hilo alilishika.

Wiki mbili baadaye, kwa malalamiko aliyoyaandika Karani, tukakaa ofisini kwa afisa biashara. Alikuwa mtu mstaarabu ambaye hakuwa na hakika kwa nini chumba chake kimejaa wanawake kumi na mmoja. Mwagizaji naye alikuwa amekuja kutoka Singida Mjini, mpole, shikamoo kwa kila mtu, kitabu cha maelezo mkononi. Karani alisimama.

"Mheshimiwa."

"Mzee wangu, mimi si hakimu. Kaa tu tuzungumze."

"Asante, mheshimiwa." Hakukaa. Akaweka kopo mezani. "Kielelezo Namba Moja."

"Kuna nini ndani?"

"Yai, mheshimiwa. Lililopikwa na mashine."

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita."

"Fungua tulione."

"Sishauri, mheshimiwa."

Afisa akasisitiza. Karani ni mtu wa kutii mamlaka, akafungua. Madirisha yote yalifunguliwa, kikao kikaahirishwa kwa muda, na kielelezo kikaamriwa kikae nje. Mlinzi wa getini alihamisha kiti chake mara mbili.

Tuliporudi ndani, Mwagizaji alikuwa ameshapata nguvu. Akafungua kitabu ukurasa wa nne. Palikuwa na picha ya mashine, juu yake paka amelala, na paka amepigwa mkato mwekundu. "Onyo hili hapa," akasema. "Maana yake usiweke kitu chochote juu. Picha haihitaji lugha."

Karani akaitazama picha kwa miwani zote mbili. "Mheshimiwa, naomba iandikwe kwamba mlalamikaji hana paka."

Akina mama wakacheka, hata afisa akainamisha uso. Lakini Mwagizaji hakuwa mjinga. Alimgeukia Mama, kwa heshima tu, akamuuliza: "Mama yangu, mashine hizi nimeuza nyingi. Hazipiki mayai zikiachwa zipumue. Niambie ukweli, uliifunika au hukuifunika?"

Nilimtazama Karani. Alikuwa ametazama dari. Mama Yohana aliinama mbele ili asipitwe na jibu. Mama alikivuta kikapu chake karibu. Kisha akasimama, akaingiza mkono kikapuni, akalitoa gauni, akalikunjua mbele ya watu wote. Marinda yakashuka. KARIBUNI VIFARANGA ikasomeka mpaka mlangoni.

"Niliifunika," akasema. "Nililifuma mwenyewe. Niliona vifaranga watasikia baridi."

Kicheko kilikuwepo, sitadanganya. Mmoja alicheka mpaka akatoka nje, akakutana na lile yai, akarudi. Mwagizaji akafunga kitabu chake polepole, kama mtu aliyemaliza kazi.

Karani akaacha dari. "Kielelezo Namba Mbili," akasema, kwa sauti ya chini. "Mheshimiwa, naomba kuuliza swali moja. Hiyo hapo kando yako ni nini?"

"Hii? Mashine ya kuchapa karatasi."

"Naiona kwa kukisia tu, mheshimiwa, kwa sababu imevaa."

Sote tukageuka. Mashine ya kuchapa ilikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua ya bluu pembeni. Kompyuta ilikuwa na cha kwake. Ile mashine ya maji ya kunywa pale kona ilikuwa na sketi.

"Ni mke wangu," afisa akasema. "Vumbi hili."

"Kitabu chake kinasema nini kuhusu kufunika?"

Afisa alifungua droo, akaifunga. Akanyanyua kona ya kitambaa, akaweka kiganja juu ya mashine, akakitoa haraka. Alikitoa kitambaa chote, akakikunja mara nne, akakitia kwenye droo.

Ndipo Mama Yohana aliponyoosha mkono. Nilijua sasa tunakwisha. "Mimi naomba kusema," akasema. "Hata mimi ningefunika. Mimi ningeongeza na blanketi." Bibi Hadija akasema yeye angeweka na mto. Mwingine akasema nyumbani kwake hata mtungi wa gesi umevaa. Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, wote kumi, na Mama amesimama na gauni lake mikononi, machozi yanamtoka na anacheka.

Afisa alisema mashine inayouzwa hapa itakutana na watu wa hapa, na aliyeileta alipaswa kuwajua, au angalau kuwaambia. Mwagizaji alikubali, na namsifu kwa hilo, hakuzungusha maneno. Alileta mashine nyingine, na mayai tisini na sita juu yake. Akakubali pia kwamba kila mashine itakayotoka dukani kwake itakuwa na karatasi ya Kiswahili. Karani aliiandika palepale. Mstari wa kwanza ulisomeka hivi: *Usifunike mashine hii kwa kitambaa, kanga, blanketi wala kitu chochote, hata kama kuna vumbi, hata kama kuna baridi, hata kama unaipenda.*

Vifaranga walitotolewa, na akina mama wakarudi kukatiza uani kwetu. Mama Yohana alikuja kuomba radhi na bakuli la karanga. Ule mkutano haukufanyika tena; Mama aliendelea kuwa mwenyekiti, na mtu akinunua mashine ile humuuliza, "Umesoma mstari wa kwanza? Huo ni wangu." Anasema hivyo akicheka.

Lakini mimi ni mtoto wake. Niliona kwamba jioni ile tuliyotoka kwa afisa, alivikusanya vitambaa vyote vya nyumba akavifungia kwenye sanduku. Nilipomuuliza, alisema vitu vya umeme vinataka hewa. Nikamwambia viti havina umeme. Akafunga kufuli la sanduku. Nyumba yetu ikabaki uchi miaka yote hii, na yeye hakushika tena sindano ya kufumia. Wenzake walimsamehe. Yeye alikuwa bado anayahesabu yale mayai.

Gauni lenyewe lilibaki ofisini, limebanwa kwenye jalada. Karani alisema si haki, kesi ikiisha kielelezo hurudishwa kwa mwenyewe, akaandika barua. Hakujibiwa. Akaandika nyingine. Afisa akahamishwa, akaja mwingine, Karani akaanza upya. Watu walimtania kwamba mzee anatafuta kitambaa. Kwa hasira aliyokuwa nayo siku hizo, ungedhani wamemchukulia shamba.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka huu. Siku hizi nafanya kazi Singida Mjini, nikawa nimekwenda nyumbani kusalimia, nikapita kwake. Nilimkuta barazani, amekonda, macho yote mawili yameshika ukungu, na zile miwani mbili bado anazo ingawa hazimsaidii tena. Mwanawe alikuwa amemletea mashine ya kupimia presha, ya nje, na mkanda wake ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa kiti.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Neema, wa Mama Neema."

"Soma hapo, Neema. Imeandika ngapi?"

Nikamsomea.

"Basi kiti hiki kina presha kunishinda mimi," akasema kwa kuridhika. "Nilijua tu. Boksi lake niletee, liko chini ya kitanda."

Nilimletea. Akalipapasa, akaingiza mkono, lakini alichokitoa hakikuwa cha mashine ya presha. Ilikuwa bahasha kubwa ya kaki. "Wamenirudishia mwezi uliopita," akasema. "Afisa wa nne huyu. Binti mmoja mwenye adabu." Akatafuta pembeni akapata daftari la kupokelea barua. "Weka sahihi."

"Karani, mimi natembea tu hatua chache, nitampelekea."

"Weka sahihi, mwanangu. Vitu hupotea."

Nikaweka. Aliushika mkono wangu aone kama nimeandika kweli. Badala ya kumshukuru, nikamwambia tu kwamba mashine ile ya presha irudishwe dukani. Akasema ana mpango nayo.

Mama aliifungua bahasha akiwa amesimama. Gauni lilikuwa limefifia, alama za kutu za pini ya jalada zimebaki kwenye marinda. Ndani yake palikuwa na barua iliyopigwa chapa, ya kiofisi kabisa, na kichwa cha habari kimepigiwa mstari: *Yah: Kurejeshwa kwa Kielelezo Namba Mbili*. Mama alinipa nimsomee. Ilikuwa fupi. Ilisema kielelezo tajwa hapo juu kinarejeshwa kwa mwenyewe baada ya shauri kumalizika, na kwamba kimechunguzwa mara nyingi, kwa miaka mingi, na hakikuonekana kuwa na kosa lolote.

Aliniambia nisome tena mstari wa mwisho. Nikausoma. Akalikung'uta gauni, akalikunjua mikononi, akaitazama sebule yake muda mrefu. Kisha akaniuliza matundu ya hewa ya televisheni yako upande gani.